Kiwanja cha Bunju Hakitambuliki London

Uingereza na Uholanzi ni majirani wa jengo moja pale Garden Avenue, Dar es Salaam. Jengo lenyewe ni Umoja House, na humo wamo pia Wajerumani na Umoja wa Ulaya. Mwanasheria kijana anayetafuta nafasi ya kusoma masta ya sheria nje anaweza kudhani kuwa wanaokaa nyumba moja wana tabia moja. Hawana. Shughuli zangu zimenipitisha London, Leiden, New York na Pretoria, na kila mji nilitafuta watu wetu wanaosoma LL.M. nikawauliza jambo lile lile: uliomba vipi, na ulidaiwa nini kabla ya kufunguliwa mlango? Nikilipitia daftari sasa, naona zile fomu zinamweleza mwombaji kidogo tu. Anayejianika humo ni mwenye nyumba, na anachoanika ni hofu yake.

Mwingereza anaogopa kuachiwa bili. Kukubaliwa na chuo si kazi ngumu sana kwa aliyefanya vizuri Mlimani au Nairobi, kwa kuwa mfumo wao ndio tuliourithi: kwetu A inaanzia 70, kwao 70 ni daraja la kwanza, basi hakuna wa kumfafanulia mwenzake. Masta ni ya mwaka mmoja, na tasnifu inaandikwa kiangazi wakati wenyeji wako likizo. Shida inaanza barua ya chuo ikishafika. Kanuni ya viza inataka ada iliyobaki, pamoja na fedha ya kujikimu ya miezi isiyozidi 9, ikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango hata siku moja.

Dada mmoja wa Morogoro alinisimulia habari hiyo tukiwa mgahawani Bloomsbury, karibu na chuo chake. Baba yake si maskini. Ana kiwanja Bunju, nyumba ya kupangisha Tabata na ng'ombe wanaotunzwa Kilosa. "Baba ana mali," alisema, "ila hakuwa na siku 28." Kiwanja hakihesabiwi, wala hisa, wala pensheni. Na akaunti ya mjomba haitambuliki hata mjomba awe tajiri namna gani: iwe yako, au ya mzazi, ikiambatana na cheti chako cha kuzaliwa na barua yake ya ridhaa. Kwa hiyo kikaitwa kikao cha ukoo. Mjomba akauza mchele aliokuwa ameuhifadhi akingoja bei, shangazi akatoa zamu yake ya VICOBA, vyote vikamiminwa kwenye akaunti ya baba, kisha ukoo mzima ukakaa kimya ukihesabu siku. "Kaka, mwezi ule hakuna aliyeruhusiwa kuugua," alisema, na hakuwa anatania sana. Fedha za familia zetu hazina desturi ya kulala. Leo ziko dukani, kesho ni ada ya mdogo mtu, keshokutwa zimekwenda msibani. Kanuni ile imeandikwa na watu ambao fedha zao hulala.

Juu ya hapo kuna tozo ya huduma za afya, pauni 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi, inayolipwa mapema kabla hujajua kama viza itatoka. Kuna pia picha ya kifua kwa ajili ya kifua kikuu, inayopigwa kwenye kliniki ya IOM kabla hujaomba viza. Tuweke hilo kiporo, tutakutana nalo tena Leiden.

New York, kijana mwenzetu alicheka niliposimulia habari za kiwanja cha Bunju. Chake kiko Kigamboni, na ndicho anachoamini kilimpa viza. Mmarekani hofu yake ni kwamba ukifika hutaondoka. Kifungu cha 214(b) cha sheria yao ya uhamiaji kinamtaka ofisa amchukulie kila mwombaji wa viza ya masomo kuwa anakwenda kuhamia, hadi mwombaji mwenyewe aonyeshe vinginevyo. Yaani mzigo wa kuthibitisha unaanzia kwako, na wakili anajua uzito wa maneno hayo. Pale Msasani, kwenye dirisha la ubalozi, aliulizwa kitakachomrudisha. Akajibu kuwa ana mama, ana kazi inayomngoja na barua anayo, na ana kiwanja ambacho msingi umeshamwagwa. Mahojiano hayakuchukua hata dakika tano.

Kichekesho ni kwamba miezi michache kabla, mtu huyo huyo alikuwa ameiandikia kamati ya udahili insha ya kinyume kabisa. Vyuo vya Marekani vinataka maelezo binafsi yenye mtu anayewaka: una wazo gani juu ya sheria, utalipeleka wapi, dunia itapungukiwa nini usipokuja kwao. Aliandika kwamba anataka kuunda upya sheria za usuluhishi wa kibiashara barani kote. Dirishani akawa mtu wa Kigamboni anayetaka tu kumaliza nyumba. Yote mawili ni kweli. Ila yawekwe kila moja mahali pake, na hilo halifundishwi popote.

Insha hiyo inawatesa watu wetu kuliko mitihani. Tumelelewa kwamba sifa zako huzisemi wewe, husemwa na wengine. Tatizo ni kwamba hao wengine nao hawasemi. Mwalimu mwenye wanafunzi mamia darasani ukimwomba barua ya mapendekezo anaweza kukujibu kwa upole kabisa: "Andika mwenyewe mwanangu, uniletee nisaini." Hapo unakaa usiku unajiita "yeye," unajipima usije ukaonekana una majivuno, na kinachotoka ni barua inayosema mwombaji ana tabia njema, anawaheshimu wakubwa na anashirikiana na wenzake. Kwetu barua hiyo inampatia mtu kazi. Kamati ya Kimarekani ikiisoma inaelewa kwamba mwalimu alikosa la kusema. Mwingereza yuko katikati: anataka kujua ulikuwa wa ngapi darasani na kama utamudu, basi.

Mfumo nao haurahisishi. Fomu inataka barua pepe ya kikazi ya mwalimu, na Gmail anayoitumia kila siku wanaitilia shaka. Ile ya chuo alishasahau nywila. Siku ya mwisho mara nyingi ni Desemba, saa sita usiku ya New York, ambayo Dar ni saa mbili asubuhi, wakati mwalimu yuko foleni ya Ubungo. Kijana wa Kigamboni alikwenda kumngojea mwalimu wake mlangoni na kompyuta mkononi, akampa na bando. Nadhani huo ndio ulikuwa mtihani wake wa kwanza wa utetezi.

Halafu kuna bahasha. Waombaji wa LL.M. katika vyuo vingi vya Marekani hupitishia vyeti vyao kwa taasisi iitwayo LSAC, iliyoko Newtown, Pennsylvania. Transkripti isipite mikononi mwako: ofisi ya masomo iiweke kwenye bahasha, iifunge, ipige mhuri na saini juu ya mkunjo, nusu ya mhuri kwenye kifuniko na nusu kwenye mwili, kisha iitume yenyewe. Bahasha ikifika Newtown mkunjo ukiwa umeguswa, unaanza upya. Alama zenyewe zikishasomwa zinaleta mambo. GPA ya 3.6 ya Mlimani ni daraja la pili la juu katika kipimo cha 5. Mmarekani aliyezoea kipimo cha 4 akiisoma harakaharaka atakupongeza, halafu akiona 70 kwenye somo la Katiba atakuonea huruma.

Kinachowapeleka wengi kule, tusidanganyane, ni mtihani wa uwakili wa jimbo la New York. Aliyesoma sheria nje, na mafunzo yake yakaonekana pungufu ama kwa muda ama kwa mfumo, anaweza kuziba pengo kwa LL.M. ya krediti 24 ya chuo cha Marekani kinachotambulika, kisha akakaa mtihani. Kwa anayetaka kampuni kubwa za Manhattan, hesabu inaweza kukubali. Kwa anayetaka kurudi kufungua ofisi Mwanza, ada peke yake inayozidi dola 70,000 katika vyuo vikubwa vya jiji hilo mimi sioni itakavyorudi, labda awe na mfadhili.

Leiden nilifika nikiwa nimechoka na habari za maofisa, nikapumzika. Chuo kilianzishwa 1575, na kitivo cha sheria kiko kwenye jengo lililokuwa maabara ya Kamerlingh Onnes, ambamo mwaka 1908 gesi ya heli iligeuzwa kuwa kimiminika kwa mara ya kwanza duniani. Uholanzi chuo ndicho kinachokuombea kibali cha kuishi. Wewe unakipa nyaraka, pengine na fedha ya kujikimu ambayo utarudishiwa ukifungua akaunti kule, nacho kinasimama mbele ya idara ya uhamiaji kama mdhamini wako. Na kile kifua kikuu? Wanakupima ukishafika.

Kinachonikera Leiden kiko Arusha. Msomi mmoja niliyemkuta huko anasomea sheria ya jinai ya kimataifa, na The Hague iko karibu kwa treni. Lakini nyaraka za iliyokuwa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda zinatunzwa Lakilaki, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu nayo iko Arusha. Kuna wakati njia ilielekea kwetu: Willy Mutunga, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Kenya kuanzia 2011 hadi 2016, LL.B. na LL.M. alizichukua Mlimani.

Pretoria ni habari fupi. Itifaki ya elimu ya SADC ya 1997 inataka wanafunzi wa nchi wanachama watozwe ada kama wenyeji, na Mkenya aliyekuwa akisoma haki za binadamu aliniambia kwa uchungu wa utani, "Ninyi ndugu zetu mko nyumbani hapa, mimi ndiye mgeni." Rafiki yake wa Lubumbashi naye ni mwana SADC, ila transkripti zake za Kifaransa zilibidi kwanza zitafsiriwe. Hofu ya Afrika Kusini ni vyeti: shahada yako ipite kwanza SAQA, mamlaka yao ya vyeti, ithibitishwe. Sisi tuliokuwepo wakati wa uhakiki wa vyeti feki mwaka 2017 hatuna mdomo wa kuwasema.

Kiingereza nacho kinapimwa. Tanzania haimo kwenye orodha ya Uingereza ya nchi zinazochukuliwa kuwa za wasemaji wa Kiingereza, ingawa shahada yetu ya sheria inafundishwa kwa lugha hiyo, na vyuo kadhaa vya Marekani vinaridhika na hilo. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama zetu. Sijui wakili wa leo akiombwa sampuli ya maandishi yake ya kisheria atapeleka hati gani.

Dada wa Morogoro amemaliza. Amerudi, na amegundua kwamba masta haimwingizi mtu kwenye orodha ya mawakili. Aliyeondoka kabla ya kupita Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo anaikuta palepale. Kazi aliyoiona inataka shahada ya nje itambuliwe na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. TCU wanataka transkripti. Chuo chake kinasema itatoka Novemba, baada ya baraza la mitihani kukaa. Maombi ya kazi yanafungwa Oktoba. Ameniandikia kwenye WhatsApp: "Msomi, unamfahamu mtu pale TCU?"