Theolojia si kozi ya waliokosa pointi

Kwa kozi zote za chuo, theolojia ndiyo inachekwa zaidi. Ukisema unasomea uuguzi, unapigiwa makofi. Ukisema theolojia, unaulizwa kama ulikosa pointi. Binamu yangu wa Embu aliulizwa na mjomba mbele ya watu wote: "Kwani unataka kuishi kwa sadaka?"

Wasee wa Meru, mnadhani KeMU ilianzia wapi? Wamisheni Wamethodisti walifika Meru mwaka wa 1912. Kabla chuo kipewe hati ya chuo kikuu mwaka wa 2006, pale Kaaga palikuwa na taasisi za mafunzo za kanisa hilo, na watumishi wa kanisa walikuwa wanafunzwa huko. Leo watu wanatoka hapo na digrii za uuguzi na biashara. Sasa unacheka kozi iliyokuchimbia msingi?

Halafu kuna David Gitari. Huyu alisoma Nairobi, kisha akaenda Bristol, Uingereza, kusomea theolojia. Hakukosa pointi. Mwaka wa 1975 akawa askofu wa Mlima Kenya Mashariki, dayosisi iliyoshika Kirinyaga, Embu na Meru. Kura ya mlolongo ya 1988 ilipoibwa mchana, watu wakiwa wamesimama kwa foleni wanaonekana, wengi walinyamaza. Yeye alifungua Biblia akasema wazi kwamba huo ni wizi. Mwaka wa 1989 majambazi walivamia nyumba yake usiku. Alipona, na hakunyamaza. Maneno yake hayakuwa ya kupiga kelele tu. Alikuwa anachambua andiko, analiweka kando ya habari za wiki hiyo, na wewe mwenyewe unaona.

Hiyo ndiyo kazi ya shule ya theolojia: kufunza mtu kusoma andiko polepole, kuuliza liliandikiwa nani na kwa nini, na kukubali kusahihishwa na wengine. Siku hizi mtu anahitaji spika mbili na hema tu. Mwaka wa 2023 kule Shakahola, Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge kula hadi wamwone Yesu. Sisemi digrii ingezuia yote, maana kuna wasomi pia wanapotosha. Lakini mahubiri yanaweza kuua, bana. Daktari tunamdai cheti kabla atudunge sindano. Huyu wa kutushikia roho mbona hatumuulizi alisomea wapi?

Kwa hivyo binamu, jaza hiyo fomu. Mjomba atazoea.