Saumu ya Mkwe na Vidonge vya Bibi

Mtu aliyezaliwa Mbulu, mkoani Manyara, hana haja ya kufundishwa kitunguu saumu. Kwao ni zao la biashara. Ndiyo maana bibi huyu, alipohamia kwa mwanawe katika mji wa St. Paul, jimbo la Minnesota nchini Marekani, alicheka kumwona mkwewe akipanda saumu mwezi Oktoba, baridi ikibisha hodi.

"Mwanangu, unapanda au unazika?"

"Subiri Julai, mama."

Saumu ya huko ina shina gumu katikati, na punje zake ni chache lakini nono. Huhitaji baridi ya wiki kadhaa ndipo igawanyike punje; bila hiyo, mara nyingi hutoa kitunguu kimoja cha mviringo. Mkwe alichagua punje kubwa kuliko zote, akazifukia kina cha sentimeta 5, ncha ikiwa juu, akafunika kwa nyasi kavu. Theluji ikaanguka.

Januari, akikusanya nguo za kufua, alikuta vidonge vya presha vya wiki tatu katika mfuko wa koti la bibi. Kumbe kila asubuhi alikuwa akimeza punje mbili za saumu badala yake. Walipompima, kipimo cha juu kilipita 180.

Mwanawe alitaka kufoka. Mkwe akamtuliza, akaketi na bibi jikoni. Hakumwambia kwamba saumu ni uongo. Tafiti zinaonyesha inaweza kushusha presha kidogo, lakini haichukui nafasi ya dawa aliyoandika daktari. Akamuuliza tu, "Mama, vidonge vinakusumbua nini?"

Bibi alikaa kimya, kisha akasema, "Vinanikojoza usiku kucha. Nitamwambiaje daktari, kijana wa umri wa mjukuu wangu?"

Kumbe tatizo halikuwa saumu, ilikuwa aibu. Kwa ruhusa yake, mkwe alimweleza daktari, naye akahamisha dawa hiyo kutoka usiku kwenda asubuhi. Bibi akaanza kulala. Presha nayo ikaanza kushuka.

Juni mashina ya maua yalijikunja kama pete. Waliyakata ili vitunguu vinenepe, bibi akayakaanga na mayai. Julai, majani ya chini yalipokauka, waling'oa na kutundika vitunguu kivulini, penye hewa, kwa wiki tatu.

Mzee wa nyumbani kwako akiacha dawa, usianze na ukali. Muulize kwanza kinachomkwaza.

Siku hizi bibi huamka mapema kuandaa chai na mayai. Huponda saumu na kuiacha dakika 10 ikolee ukali kabla ya kuitia kwenye kikaango. Dakika hizo ndizo za kumeza kidonge chake.

Na ilipofika Oktoba, punje kubwa za kupanda alizichagua yeye, akamkataza mkwe asizipike.