Shadda, Mwendo na Ufunguo: Funzo la Boris Godunov Mtaani Umoja

Kila mwanafunzi wa fonolojia hufunzwa mapema kwamba shadda ya Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, na kwamba maneno machache huikiuka kanuni hiyo. Mfano unaotolewa aghalabu ni neno barabara. Shadda ikikaa kwenye silabi ya tatu, tunapata njia ya kupitia magari. Ikihamia silabi ya pili, tunapata maana ya sawasawa, bila kasoro. Mfano huo huandikwa ubaoni, hunakiliwa daftarini, hujibiwa katika mtihani, kisha husahauliwa. Katika mtaa wa Umoja, Eastlands ya Nairobi, ulijitokeza pasipotarajiwa: ndani ya wimbo wa maombolezo.

Mwalimu wa kwaya ya vijana mtaani humo aliombwa kutayarisha wimbo wa kumkumbuka mtoto aliyegongwa na gari alipokuwa akivuka Outer Ring Road. Maneno yalitungwa na vijana wenyewe. Lahani iliazimwa kutoka tuni ya kanisani iliyoletwa na wamishonari, yenye mwendo wa haraka katika ufunguo wa meja. Waimbaji, waliozoea solfa, waliimudu upesi. Hata hivyo, pigo zito la tuni liliangukia silabi ya pili ya neno barabara. Mzee mmoja aliyesikia mazoezi aliuliza kwa upole, "Mwalimu, hawa watoto wanaomboleza au wanakubali? Nasikia wakiimba kwamba mambo yalikuwa barabara."

Swali hilo lilimkosesha mwalimu usingizi. Mama wa marehemu angeketi mstari wa mbele siku ya ibada, angesikia nini?

Msaada ulitoka mbali. Mwalimu alikuwa na rekodi mbili za opera ya Kirusi Boris Godunov, iliyotungwa na Modest Mussorgsky. Msingi wake ni tamthilia ya Alexander Pushkin, mshairi ambaye babu wa mama yake, Abram Gannibal, alitoka Afrika. Opera hiyo ilikataliwa mwanzoni, ikaandikwa upya mwaka 1872, na kuonyeshwa St. Petersburg mwaka 1874. Azma ya Mussorgsky ilikuwa lahani ifuate usemi wa watu, jinsi unavyopanda, kushuka na kusitasita. Baada ya kifo chake, rafiki yake Nikolai Rimsky-Korsakov aliona ukwaru humo, akabadili mapatano ya sauti, midundo na hata baadhi ya funguo.

Rekodi ya kwanza, iliyoongozwa na Herbert von Karajan mwaka 1970, inafuata marekebisho ya Rimsky-Korsakov. Mwendo wake ni mpana na okestra inang'aa kama dhahabu. Ya pili, iliyoongozwa na Claudio Abbado mwaka 1993, inarejea kwa Mussorgsky mwenyewe. Okestra yake ni kavu zaidi, na neno husikika kabla ya fahari. Ya kwanza inamstaajabisha msikilizaji, ya pili inamsemesha.

Sehemu iliyomfaa mwalimu zaidi ni ile ya kutawazwa kwa Boris. Kengele zinalia kwa mafungu mawili ya sauti yanayopokezana, moja likiwa juu ya A flati na jingine juu ya D. Mafungu hayo yana noti mbili tu za pamoja, ndiyo maana shangwe yenyewe ina wasiwasi ndani yake. Umati unamsifu mfalme katika C meja. Kisha Boris anafungua kinywa: mwendo unapungua, ufunguo unageuka C maina, naye anakiri kwamba roho yake ina huzuni. Msikilizaji asiyejua Kirusi hata neno moja hutambua kuwa jambo limebadilika.

Mwalimu aliirudia kazi yake. Tuni ya kuazima iliachwa. Vijana waliombwa kwanza kuyasema maneno yao polepole, kama wanavyozungumza nyumbani, naye akayaandika mapigo ya ndimi zao. Ufunguo ulishushwa ukawa wa maina, mwendo ukawa wa hatua za mtu anayesindikiza jeneza, na silabi ya tatu ya barabara ikapewa noti ndefu kuliko zote. Mzee alisikiliza tena, akavua kofia.

Ni kweli kwamba mahadhi ya mashairi yetu nayo huweza kuipinda shadda, na sikio lililozoea halilalamiki. Kupinda si dhambi pale maana inapobaki salama. Hatari huja pale mtunzi anapohesabu mizani, akaridhika kwamba silabi zimetoshana na noti, asiulize kila silabi inabeba uzito gani. Nyimbo nyingi zilizotafsiriwa kwa kufuata tuni za kigeni zimetulea katika mazoea hayo.

Kwa hiyo, wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wasiwaachie wanamuziki peke yao suala la mwendo na ufunguo, kwani ni suala la lugha pia. Somo la shadda haliishii ubaoni. Lugha ikinyimwa shadda yake, hata anayelia huonekana anashangilia.