Bei ya Gari la Susu

Mpenzi msomaji, bila shaka umewahi kuandika insha juu ya methali "rahisi ni ghali". Hata mimi nimeiandika, tena mara mbili, na mara zote nilisimulia habari za mtu aliyenunua kitu kwa bei ya chini kikamharibikia mikononi. Sikujua kwamba methali hiyo inaweza kumgeukia muuzaji. Nililijua hilo likizo ya Agosti mwaka huu, ndani ya banda la mabati huko Mutomo, mikono yangu ikiwa imejaa grisi hadi kwenye viwiko.

Kwanza nikujulishe watu wa kisa hiki. Babu yangu, mzaa mama, alikuwa fundi wa magari hapa Kibwezi kwa zaidi ya miaka arobaini. Siku hizi macho yake yameingiwa na ukungu, lakini vidole vyake bado vinaijua kila nati. Tangu nikiwa darasa la sita nimekuwa nikimshikia spana, hata majirani wamezoea kuniita "fundi msichana". Mjomba wangu hakuupenda ufundi. Yeye hununua magari makuukuu na kuyauza. Tena yeye ndiye hunilipia pesa za chakula cha mchana hapa shuleni. Naomba ulikumbuke jambo hilo.

Ijumaa moja jioni mjomba aliingia uani kwetu huku akitabasamu kama aliyeokota pochi.

"Mzee, nimepata Datsun 1600 SSS kule Mutomo! Ile ya marehemu rafiki yako. Mjane wake anataka elfu sitini tu. Na kuna mtu Nairobi anaitafuta hiyo gari kama dhahabu. Ikiwaka na kukimbia, anatoa laki tisa."

Babu alinyamaza kwa muda. Kisha akanigeukia mimi. "Kesho nenda na mjomba wako. Ukawe macho yangu. Kabla mtu hajasema kitu ni rahisi, ajue kwanza ni kitu gani."

Usiku huo alinieleza kwa nini mtu wa Nairobi anaweza kulipa laki tisa kwa gari lililomzidi umri mama yangu. Mashindano ya Safari Rally yalianza mwaka wa 1953, wakati Malkia Elizabeth wa Uingereza alipotawazwa. Kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, na magari yalikuwa yakikata nyika za Ukambani kwa vumbi na matope. Mwaka wa 1970, Edgar Herrmann alishinda kwa Datsun 1600 SSS. Mwaka uliofuata akashinda tena, safari hii kwa Datsun 240Z, na mwaka wa 1973 Shekhar Mehta akaipa 240Z ushindi mwingine. Tangu hapo jina la Datsun likawa wimbo vijijini. Tangu mwaka wa 2003 pia kumekuwa na mashindano ya magari ya kale peke yake, na wenye pesa wanayasaka magari hayo kila pembe ya nchi. Juu ya hayo, sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari kuukuu lililozidi miaka minane, kwa hivyo za kale zilizomo nchini ndizo hizo hizo.

"Lakini sikiliza," babu aliongeza. "Jina halina bei. Kuna 1600 ya kawaida yenye kabureta moja, na kuna SSS yenye kabureta mbili na nguvu zaidi. Wajanja hubandika herufi za SSS kwenye ile ya kawaida. Tazama mwenyewe."

Alfajiri na mapema tuliondoka kwa pikapu ya mjomba. Tuliifuata lami ya Kibwezi hadi Mutomo, tukavuka mto Athi, tukapita Ikutha. Pande zote mbili nchi ilikuwa imekauka kau, mbuzi wakiinua shingo kutafuta majani. Mjomba alikuwa na furaha. Aliniahidi viatu vipya vya shule.

Tulimkuta Susu akipepeta mahindi ya muthokoi. Tuliamkuana kwa Kikamba, akatukaribisha kwa uji. Alipoambiwa kwamba mimi ndiye fundi, alicheka hadi akashika kiuno. "Msichana?" akauliza. "Haya, dunia imegeuka. Njoo uone mzigo wa mume wangu."

Gari lilikuwa bandani, limefunikwa gunia na vumbi. Kuku alikuwa ameatamia kwenye kiti cha nyuma. Nilimwomba radhi kuku huyo nikaanza kazi kama nilivyofundishwa.

Nilianza na bati, kwa maana injini hutengenezeka, lakini bati lililoliwa na kutu humfilisi mtu. Nilikuwa na sumaku ndogo niliyoifunga kitambaa. Ukiipitisha juu ya bati zima, inanata. Ikifika mahali palipozibwa kwa fila, ule unga mzito ambao mafundi hupaka kufichia mashimo, inaanguka. Nilizunguka gari lote. Ilianguka mara moja tu, juu ya tairi la nyuma la kushoto. Nililala chini na tochi nikatazama sakafu na vikingi vya milango. Vilikuwa vizima. Hewa kavu ya Kitui ilikuwa imeyahifadhi mabati hayo kuliko chumvi ya Mombasa ambavyo ingeyafanya. Jua, kwa upande wake, lilikuwa limedai haki yake: mipira yote ya madirisha ilikuwa imepasuka, na dashibodi ilikuwa na nyufa kama ardhi ya kiangazi.

Nilifungua boneti. Moyo ulinipiga pa! Kabureta mbili zilikuwa zimekaa pale kama mapacha. Sikushangilia bado, kwa kuwa kabureta zinaweza kuongezwa baadaye. Nilifuta vumbi nikasoma nambari ya injini, ikianza na L16, kisha nambari ya chesisi iliyogongwa kwenye ukuta wa bati nyuma ya injini. Nilimwomba Susu kitabu cha usajili. Alikitoa kwenye sanduku la bati, kimefungwa kwa leso. Nambari zote mbili zililingana na zilizoandikwa kitabuni. Ndani ya kitabu kulikuwa na risiti ya kwanza ya duka, imegeuka manjano, nayo imeandika wazi: 1600 SSS.

Mwisho nilitoa plagi, nikatia oili kidogo, nikashika puli ya injini kwa spana kubwa nikaisukuma. Mara ya kwanza iligoma. Mara ya pili ilizunguka taratibu. Injini haikuwa imekwama. Oili kwenye kijiti cha kupimia ilikuwa nyeusi, lakini haikuwa na rangi ya chai ya maziwa, ambayo ni dalili ya maji kuingia.

Mjomba alichutama karibu nami. "Ni yenyewe?"

"Ni yenyewe, mjomba."

"Umeona hii kinga ya chuma chini ya injini? Nitamwambia yule wa Nairobi ilikimbia Safari. Atafika milioni." Kisha akanong'ona, "Sasa huyu mama akikuuliza, mwambie ni mkebe tu. Umesikia?"

Nilikumbuka maneno ya babu kwamba hadithi isiyo na karatasi haiongezi hata senti kwenye bei. Kinga ya chuma haikuwa ushahidi wa chochote. Katika barabara za mawe za zamani, nusu ya magari ya Ukambani yaliwekewa kinga kama hiyo.

Susu alituandalia muthokoi. Tulipokuwa tukila alitueleza kwa nini anauza. Broka wa vyuma chakavu alimfikia kabla yetu. Alikadiria gari kuwa kilo 900, akampa shilingi 30 kwa kilo, yaani elfu ishirini na saba. Yeye aliona akitaka elfu sitini atakuwa amepata zaidi ya mara mbili. Pesa hizo zingetosha tangi la maji la lita 5,000 na mifereji ya paa kabla ya mvua za Novemba. Kisimani alikokuwa akichota ni mwendo wa saa moja na nusu, na goti lake moja lilikuwa limevimba.

Kisha akaniangalia moja kwa moja. "Mjukuu wangu, wewe umelala hadi chini yake. Elfu sitini ni haki, au ninawaonea?"

Ninawaonea! Maskini wa Mungu, alikuwa akiogopa kwamba yeye ndiye anayetudhulumu sisi. Mjomba alikohoa. Tonge la muthokoi lilinikaa kooni. Niliona viatu vipya vikipaa. Niliona karani wa shule akisoma majina ya wasiolipa chakula. Nilipiga moyo konde.

"Susu," nikasema, na sauti yangu haikuwa yangu, "elfu sitini ni bei ya vyuma, si bei ya gari. Hii ni SSS halisi na bati lake ni zima. Usiuze leo."

Mjomba alisukuma sahani, akatoka nje. Hatukuongea tena. Tulivuka mto Athi na jua likizama, naye hakuniambia hata "funga dirisha".

Nyumbani babu alisikiliza pande zote mbili. Kisha aliniambia nichukue kalamu na daftari. Alituonyesha kwamba bei ya haki haitoki kichwani mwa mtu. Unaanza na bei ya gari kama hilo likiwa zima, halafu unaondoa kila kitu kinachohitajika kulifikisha hapo. Tuliandika laki tisa. Tukaondoa laki mbili na nusu za injini, breki, tairi, mipira na rangi. Tukaondoa elfu thelathini za lori hadi Nairobi. Tukaondoa elfu arobaini za mambo ya mirathi, kwa kuwa gari bado ni la marehemu kwenye kitabu, na haliwezi kuuzwa kisheria kabla mahakama haijamtambua Susu kuwa msimamizi. Tukaondoa laki moja, jasho na faida ya mjomba. Zilibaki 480,000.

"Sasa ondoa elfu themanini," babu alisema, "kwa sababu mnunuzi mmoja si soko. Anaweza kubadili nia."

Laki nne. Mjomba aliitazama ile karatasi.

"Mzee, yeye mwenyewe alisema sitini! Sikumlazimisha."

"Hukumlazimisha," babu alijibu polepole. "Lakini bei ya haki ni ile ambayo ukikutana na muuzaji sokoni mwaka ujao, hutavuka barabara kumkwepa."

Mjomba aliondoka bila kuaga.

Ningependa kukuambia, msomaji, kwamba ukweli ulizaa matunda papo hapo. La. Muhula wa tatu ulifunguliwa na pesa zangu za chakula hazikuja. Nilikuwa nikibeba muthokoi baridi kwenye mkebe, na baadhi yenu mlinicheka. Hilo nililivumilia. Lililoninyima usingizi ni tangi. Susu alikuwa amepata barua ya chifu na kuanza kesi ya mirathi huko Kitui, lakini mahakama ina mwendo wake. Nilimshauri asubiri, naye akanitii. Je, mvua nayo ingesubiri? Kila nilipoona wingu upande wa Kitui nilijiuliza ikiwa nilimsaidia mama yule au nilimnyima maji. Ni rahisi kusema ukweli unapogharimu mfuko wa mtu mwingine.

Mwishoni mwa Oktoba, Susu alimpigia babu simu. Alikuwa akipiga kelele kwa furaha hata nikamsikia kutoka jikoni. Mjomba alikuwa amefika kwake na pikapu, tangi jeusi la lita 5,000 limefungwa kamba nyuma. Waliandikiana mbele ya chifu kwamba ni mkopo, si malipo ya gari, na deni litakatwa siku ambayo mahakama itaruhusu mauzo. Na bei iliyoandikwa pale? Laki nne.

Hakunieleza kilichombadilisha, nami sijamuuliza. Juzi alipita nyumbani, akanikuta nikiosha mkebe wangu. Aliweka pesa mezani chini ya kikombe, akasema tu, "Fundi, nisomee tena ile nambari ya injini. Nimepoteza karatasi."

Gari bado limo bandani, na kuku bado yuko kwenye kiti cha nyuma. Mahakama haijasema neno. Lakini mvua imenyesha Mutomo, na nimeambiwa tangi limejaa hadi linamwagika. Basi, mwenzangu, ukipewa kitu kwa bei ya bure, usiulize tu kama kitu hicho ni kizima. Uliza pia kama anayekiuza anajua alicho nacho. Na kama hajui, nawe unajua, basi mwambie.