Mbwa wa Maskini katika Nchi ya Sungura

Mashariki ya Uingereza, pale mkoa wa Norfolk unapopakana na mkoa wa Suffolk, iko nchi ya mchanga iitwayo Breckland. Udongo wake ni mwepesi mno, hata katika karne ya 17 upepo uliuinua mchanga ukafunika sehemu ya kijiji cha Santon Downham. Mvua zake ni haba kuliko za sehemu nyingi za Uingereza. Mkulima aliyezoea udongo mweusi wa milimani angeitazama nchi hiyo na kutikisa kichwa. Lakini kwa sungura hapana makao bora kuliko hayo, maana mchanga mkavu huchimbika kwa urahisi na shimo halijai maji.

Sungura hao si wenyeji wa huko. Walienea baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, wakafugwa katika mashamba makubwa ya mashimo kwa ajili ya nyama na manyoya. Karibu na mji wa Thetford ungali umesimama mnara wa mawe uliojengwa yapata mwaka 1400. Mlinzi wa sungura alikaa ghorofa ya juu, nyuma ya kuta nene, akilinda mali ya watawa dhidi ya wezi wenye silaha. Baadaye mji jirani wa Brandon ulipata riziki kwa kutayarisha manyoya ya sungura ya kutengenezea kofia. Askari wetu huenda wakapenda kujua kwamba katika nchi hiyo hiyo limo eneo la mazoezi ya kijeshi la Stanford. Lilitengwa mwaka 1942 wakati wa vita, na watu wa vijiji vilivyohamishwa hawakurudishwa.

Mahali penye mnyama wa bwana na tumbo la maskini hapakosi mbwa wa kuyakutanisha mambo hayo mawili. Huko mbwa huyo huitwa lacha. Lacha si kabila la mbwa. Ni chotara, ambaye mzazi wake mmoja ni mbwa wa mbio, kama vile greihaundi au ndugu yake mdogo wipeti, na mzazi wa pili ni mbwa wa kazi. Zama za Mfalme Richard wa Pili, mwishoni mwa karne ya 14, sheria ilimkataza raia asiye na ardhi ya kutosha kufuga mbwa wa kuwindia. Sheria ya mwaka 1828 nayo ilimpeleka gerezani mtu aliyenasa sungura usiku katika shamba la mwenzake, na aliyekamatwa mara ya tatu aliweza kupelekwa uhamishoni ng'ambo kwa miaka saba. Ndiyo maana watu walipenda mbwa mkimya, wa rangi ya vumbi, ambaye askari angemtazama asimshuku.

Siku hizi mambo ni wazi zaidi. Sheria ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika Februari 2005, imepiga marufuku kuwinda wanyama wa porini kwa mbwa katika Uingereza na Wales. Hata hivyo, sungura wa mashimo ameachwa nje ya katazo hilo, mradi mwenye ardhi ametoa ruhusa. Yule sungura mkubwa alalaye uwandani, asiyechimba shimo, hakuachwa. Kwa hiyo mwenye mbwa hana budi kuwa na mambo mawili: kibali cha mkulima na mbwa anayesikia neno.

Nilipokuwa masomoni mjini Norwich nilipata nafasi ya kukaa siku chache Brandon, mwezi wa Novemba. Mwenyeji wangu alikuwa mzee aliyewinda kwa vibali vya wakulima tangu utotoni. Nyumbani kwake palikuwa na shauri zito. Mpwa wake, kijana mwenye mke na watoto wawili na mshahara mdogo, alikuwa ameruhusiwa na mkulima kupunguza sungura waliokuwa wakila shayiri pembezoni mwa shamba. Mkulima alitoa sharti moja. Shamba la pili lilikuwa na kondoo, na siku mbwa atakapowafukuza kondoo, ruhusa imekwisha. Huko mkulima anaweza hata kumpiga risasi mbwa anayewashambulia kondoo wake, na sheria ikamkinga. Fedha za kijana zilitosha kununua mtoto mmoja tu wa mbwa.

Moyo wake ulikuwa kwa mtoto wa greihaundi na saluki. Saluki ni yule mbwa mwembamba wa Waarabu, afukuzaye paa jangwani, na wasomaji waliowahi kufika nchi za Ghuba watakuwa wamemwona. Chotara wake ni mrefu, mzuri wa kutazama, na pumzi yake haiishi upesi. Mzee alisikiliza sifa zote hizo, kisha akauliza, "Na sungura wako yuko umbali gani na shimo lake?"

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Sungura halishi mbali na shimo lake. Akishtuka, mbio yake nzima ni ya muda mfupi sana, tena si mbio ya mstari. Hukata kulia, hukata kushoto, kisha hutoweka. Greihaundi hupita kilomita 60 kwa saa, lakini huhitaji nafasi ya kuushika mwendo huo, na akiisha kuushika hawezi kugeuka upesi. Katika shamba dogo lenye uzio wa seng'enge, mwendo huo huo humpasua kifua au kumvunja shingo. Saluki naye huzidi kupata moto wakati sungura amekwisha kuingia shimoni. Uhodari wake ulikuwa wa kumfukuza yule sungura mkubwa wa uwandani, ambaye sheria sasa imemkataza. Zaidi ya hayo, wengi wa chotara zake ni wakaidi, na mkaidi karibu na kondoo ni hasara.

Wako wanaomsifu chotara wa greihaundi na koli, mbwa wa wachungaji. Huyo hufundishika, ana miguu imara, na humfaa sana awindaye usiku kwa kurunzi. Lakini ni mzito kidogo katika mbio za ghafla, na damu ya uchungaji humvuta kuwazunguka kondoo asipofunzwa mapema.

Mzee alimchagua chotara wa wipeti na teria wa Bedlington. Teria huyu alikuwa mbwa wa wachimba makaa wa Northumberland. Ukimwona manyoya yake yaliyonyolewa utadhani ni mwana-kondoo, lakini ana moyo wa chui. Wipeti humpa mtoto wepesi wa kuondoka na kugeuka. Bedlington humpa pua, ushupavu, na manyoya magumu kidogo ya kuzuia miiba, kwa sababu ngozi ya wipeti ni laini na huchanika upesi. Kimo cha sentimeta 50 hivi chatosha. Mbwa wa namna hiyo hula kidogo na hulala jikoni bila kujaza nyumba. Mke wa kijana aliliona jambo hilo mapema kuliko mumewe.

Asubuhi moja niliona kazi ya jike lake la aina hiyo. Alipita penye mashimo akinusa. Kwenye mengine hakusimama. Penye moja aliganda, masikio mbele. Mzee akatandika nyavu ndogo juu ya matundu, akamwingiza fereti, yaani kicheche wa kufugwa. Sungura wawili walinaswa. Wa tatu alipenya pembeni, na yule jike akamkamata kabla hajafika uzioni, akamleta mkononi mwa mzee akiwa hai, bila jeraha. Mzee alimmaliza mara moja kwa mkono.

Alimweleza mpwa wake pia kwamba asiwamalize. Maradhi ya miksomatosisi yalipoingia Uingereza mwaka 1953 yaliua karibu sungura wote katika muda wa miaka miwili hivi, na miaka ya karibuni maradhi mengine ya kutokwa damu yamewapunguza tena. Yako maua madogo ya Breckland yasiyoota ila pale sungura wameyafupisha majani. Kwa sababu hiyo katika baadhi ya sehemu za nchi hiyo sungura sasa hulindwa, wakati kwa jirani wanawindwa.

Kijana alinunua jike mdogo wa kijivu. Mzee aliagiza asikimbizwe nyuma ya sungura kabla ya kutimiza mwaka, mifupa isije ikaharibika, na kwamba kazi yake ya kwanza iwe kutembezwa kila siku kwa kamba katikati ya kondoo, mpaka awachoke. Kazi hiyo aliichukua mke, kwa kuwa mume alikuwa akiondoka alfajiri.