Mzigo wa Mwenzio ni Kanda la Usufi

Mpenzi msomaji, kabla hujaendelea, hebu nikuulize: mkoba wa binti yako una uzito gani? Usikisie. Mimi nilikisia nikakosea, na kosa hilo lilinifanya nimwite mwanangu mvivu kwa miezi mitatu mizima.

Sisi tunaishi Kitengela. Binti yangu ana umri wa miaka 19 na yumo katika mwaka wa kwanza chuoni, jijini Nairobi. Hudamka kabla ya jogoo kuwika, akapanda matatu katika barabara ya Namanga, na aghalabu hukwama katika msongamano wa magari pale Mlolongo. Begani huwa ameuning'iniza mkoba wa ukanda mmoja, kama wafanyavyo wenzake.

Jioni alikuwa akijitupa kitini na kusema, "Mama, mgongo unaniuma."

Nami jibu nilikuwa nalo tayari. "Mgongo gani wa miaka 19? Nyanya yako huko Kajiado alibeba maji maisha yake yote na hakulalamika!"

Mtoto akanyamaza. Baadaye hakuniambia tena. Nikadhani amepona.

Aliyenifumbua macho ni fundi cherehani. Alikuwa akimpima binti yangu blauzi, mara akasita na utepe mkononi. "Mama," akasema, "bega hili la kulia mbona limepanda kuliko la kushoto?" Nikatazama. Ama kwa hakika lilikuwa limepanda.

Kesho yake niliuchukua ule mkoba hadi kwa jirani yangu muuza viazi, nikauweka kwenye mizani. Kilo 8! Ndani mlikuwa na kompyuta na waya zake, vitabu viwili, chupa ya maji ya lita moja na nusu, mkebe wa chakula, mwavuli na viatu vya kubadilisha. Mwenye mkoba ana kilo 52. Wahenga walinena kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi nilikuwa nimeuona wa mwanangu kuwa usufi mtupu.

Tulimwendea mtaalamu wa tiba ya viungo, naye akatueleza kwa lugha nyepesi. Mkoba ukining'inia bega la kulia, msuli unaotoka shingoni hadi begani hujikaza ili ukanda usiteleze. Mwili nao huegemea upande wa pili, na misuli mirefu iliyo kando ya uti wa mgongo upande wa kushoto hufanya kazi ya ziada ili mtu asipinde. Msuli uliokazwa kwa muda mrefu haupati damu ya kutosha. Huchoka, hukakamaa, kisha huuma, na maumivu yanaweza kupanda hadi kichwani. Alitutoa hofu pia: mkoba haumfanyi msichana kuwa na kibiongo. Unachoumiza ni misuli, na misuli hupona ikipumzishwa na kuimarishwa.

Likizo ilipofika tukashuka Kajiado kumjulia hali mama yangu. Nilikuwa na swali moyoni: mbona yeye aliweza? Mtungi wa lita 20 ni kilo 20, na yeye aliubeba mgongoni, ukanda ukiwa kichwani, toka kisimani hadi nyumbani.

Mama alinitazama kwa muda. "Mwanangu, nani alikuambia sikuumwa? Hakuna aliyeniuliza."

Nilitazama chini. Binti yangu alitazama pembeni, ili nisione anavyotabasamu.

Msomaji, ni kweli kwamba mazoea husaidia. Mwaka 1986 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti wa Profesa Geoffrey Maloiy na wenzake kuhusu wanawake wa Kikuyu na Kiluo waliozoea kubeba mizigo kwa kichwa. Waliweza kubeba hadi moja kwa tano ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya zile za kutembea mikono mitupu. Lakini waliopimwa ni watu wa mazoea, na mizigo yao ilikaa katikati, haikuvuta upande mmoja. Tena kilichopimwa ni nguvu, si maumivu.

Sasa kwetu tuna sheria ndogo. Binti yangu hutumia begi la kanda mbili, zote mabegani, likiwa limebana mgongo. Wataalamu wengi hushauri mzigo usizidi asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa mwili. Kwake yeye hiyo ni kama kilo 5 hadi 8. Kompyuta hukaa karibu na mgongo. Chupa huenda tupu na kujazwa chuoni. Akilazimika kubeba mkoba wa ukanda mmoja, huubadilisha bega kila mara. Asubuhi hunyoosha mgongo na mabega kwa dakika chache. Maumivu yamepungua sana.

Lakini maumivu yakishuka mguuni, mguu ukifa ganzi au kulegea, au mtu akishindwa kuzuia haja, msingoje begi jipya. Kimbieni hospitali.

Leo jioni, binti yako akisema mgongo unamuuma, usimtajie nyanya yake. Chukua ule mkoba, uuvae wewe mwenyewe, uzunguke nao hadi dukani na kurudi. Kisha umsikilize.