Mlango wa Nyuma

Ramani yangu ya kwanza ya Uchindile ilifanana mno na Uchindile, ndiyo maana haikuchezeka.

Ilikuwa 2006, Ifakara, kwenye duka la kompyuta lenye mashine sita na swichi moja. Mchana watu walichapisha barua za kuomba kazi, jioni tulicheza Counter-Strike, mchezo wa kufyatuliana risasi. Mchezo wenyewe ulitoka mikononi mwa mashabiki: Minh Le na Jess Cliffe waliujenga 1999 juu ya mchezo mwingine, Half-Life. Hata ramani ya de_dust, ambayo vichochoro vyake tulivijua kuliko mitaa ya Kibaoni, aliichora shabiki kijana wa Uingereza, Dave Johnston. Nikasema basi na mimi nitachora stesheni ya kwetu, Uchindile.

Kwenye Hammer, programu ya kuchorea ramani hizo, mchezaji aliyesimama ana urefu wa yuniti 72. Kwa kipimo hicho nikajenga reli ya Tazara, jukwaa, chumba cha tiketi. Upande wa bondeni ulinishinda. Programu haikubali tundu, kila kitu lazima kizibwe kama sanduku. Nikasimamisha ukuta, nikaupaka anga.

Jioni ya kwanza jamaa mwenye bunduki ya darubini alisimama mwisho wa reli akatumaliza wote.

"Dogo, stesheni yako inawafaa abiria," mwenye duka akasema. "Sisi tunataka pa kujibanza."

Nikaegesha mabehewa mawili kwenye njia. Nikatoboa na mlango nyuma ya chumba cha tiketi, maana aliyekimbilia humo alikuwa amejizika.

Utamu ulikuwa kwenye miti. Vilima vya Uchindile vina mashamba ya misindano na mikaratusi, na miti hiyo imepandwa kwa mistari. Nilichora mti mmoja, nikaunakili mpaka kompyuta zikaanza kukwama. Shina la pembe nane likabidi liwe la pembe nne, kama nguzo ya choo. Lakini ile mistari! Ukisimama sawasawa unaona hadi mwisho wa shamba. Sogea hatua moja, miti inajifunga kama pazia. Wakati wa likizo nilikuwa nakatiza humo kila siku na sikuwahi kuliona hilo, mpaka niliponyatiwa humo na mtu aliyekaa kiti cha pili kutoka kwangu.

Kabla ya kuchezwa, ramani ilipaswa kukokotolewa, kila pembe ijulikane inaonwa kutoka wapi. Kazi ya usiku kucha, na ule ulikuwa mwaka wa mgao wa umeme. Mkoa wetu una mabwawa ya umeme ya Kidatu na Kihansi, lakini giza tulilala nalo kama wengine. Mara tatu umeme ulikatika kabla ya alfajiri. Mara ya nne nilifyeka nusu ya shamba.

Diski ile ilikufa zamani, na ramani ikaenda nayo.

Miaka mingi baadaye nilishuka Uchindile usiku, begi begani. Nikaingia chumba cha tiketi nitokee upande wa pili, nikakwama mbele ya ukuta.

"Kijana, unatafuta nini?" mzee mmoja aliyekuwa akisubiri treni akauliza.

"Mlango wa huku, mzee."

"Tangu lini?"